Utafutaji wa Kumi wa Mama Sara

Pikipiki ilimshusha Tito mbele ya uzio wa miiba. Dereva alisema, "Ndiyo hapa," kwa sauti ya mtu ambaye angesema hivyo hivyo popote pale mafuta yalipoanza kupungua, kisha akaegesha pikipiki yake chini ya mgunga na kujilaza. Tito alitazama kushoto, akatazama kulia. Nyuma ya boma Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu mpaka mabegani. Mbele yake tambarare ilikwenda na kwenda. Mlango hakuuona.

Akaanza kuuzunguka uzio, faili kwapani, pedi ya wino mfukoni. Huyu alikuwa mtu aliyewahi kuwa utingo wa malori kwa miaka kumi na minne. Aliijua Lubumbashi, Ndola na Bujumbura, aliweza kuagiza chai kwa lugha saba na kuomba radhi kwa lugha nne. Lakini kwao ni Mbulu mjini, na huku bondeni, saa tatu tu kwa pikipiki, hakuwahi kukanyaga. Kidatoga, lugha ya huku, hakujua hata salamu.

Alikuwa amezunguka mara moja na nusu sauti ya mwanamke ilipotoka ndani.

"Katibu, umepotea?"

"Sijapotea, mama Sara. Natafuta mlango."

"Umeupita mara mbili."

Wanawake wawili watatu walicheka ndani. Tawi kubwa la mgunga, ambalo Tito alikuwa amelikwepa kwa heshima kubwa mara zote mbili, likakokotwa pembeni na pengo likaonekana. Konsolata, ndiye huyo mama Sara, akatokea, mrefu, kanga imefungwa kiunoni juu ya suruali ya michezo, beji ya kijani imeshonwa begani mwa sweta.

Beji ile ilikuwa na historia ya aibu kidogo. Kamati ya watafutaji wa hiari, ambayo Tito alikuwa katibu wake, ilitaka mchoro wa Mlima Hanang na njia inayopanda. Fundi Saleh wa Dongobesh alidarizi alichoweza, na matokeo yake yakafanana na donge la ugali lililochomwa kijiko. Watu hawakuchelewa. Aliyepata watu watano waliopotea alipewa ugali wa kijani. Aliyefikisha kumi angepewa ugali mwekundu, na mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa nao.

Mwekundu haukuwa pambo. Mwenye nao ndiye angekuwa kiongozi wa upande wote wa Hanang, mwenye ruhusa ya kuanzisha utafutaji palepale anapopata habari, bila kusubiri simu ya Mbulu. Mwaka uliopita, wakati wa masika, bibi mmoja aitwaye Getruda alipotea msituni asubuhi. Konsolata alikuwa tayari amevaa viatu saa mbili. Simu ya ruhusa ikaja saa kumi. Bibi alipatikana hai, lakini vidole viwili vya mguu wake havikupona baridi ile. Konsolata hakusema neno kwenye kikao. Alikwenda tu kumwogesha bibi kila Jumapili kwa miezi mitatu, na kila mjumbe alijua.

Sasa kamati ingekaa Jumamosi pale Dongobesh, na leo ilikuwa Alhamisi. Evarist wa Katesh, mwenye kipaza sauti cha betri, alikuwa na fomu kumi zimekamilika, ikiwemo ya mzee ambaye alimpata nyumbani kwake mwenyewe akila. Konsolata alikuwa na tisa na nusu; wakilingana, wajumbe wangemchagua yeye. Fomu ya kumi haikuwa na alama ya kidole ya aliyepatikana, na kanuni ilisema wazi: aliyepatikana athibitishe kwamba alipotea. Kanuni hiyo iliandikwa na Tito mwenyewe, usiku mmoja wa umeme kukatika, na alijivunia sana wakati ule.

"Nimekuja kwa ajili ya ile fomu," alisema.

"Najua. Yuko kivulini pale. Amejiandaa kwa ajili yako tangu juzi."

"Amejiandaaje?"

"Amekataa kuoga."

Mzee mwenyewe alikaa juu ya kigoda, shuka jekundu begani, fimbo mapajani, kibuyu cha pombe ya asali miguuni. Miaka yake hakuna aliyeijua, ila ilizidi sabini. Mbele yake, amefungwa kwenye kigingi kama mgeni rasmi, alisimama dume la ng'ombe wa madoadoa mwenye pembe moja iliyoelekea chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ng'ombe wako hawajambo?"

"Sina ng'ombe, mzee."

Mzee alimtazama kwa huruma ya kweli. "Pole. Kaa."

Tito alikaa kwenye jiwe. Akafungua faili, akasafisha koo.

"Mzee, naomba kukuuliza jambo moja dogo. Mwezi uliopita, tarehe tisa mpaka kumi na moja, ulipotea mlimani?"

"Mimi?"

"Ndiyo, mzee."

"Nimechunga mlima ule tangu sijaota ndevu. Nitapoteaje? Wewe unapotea ukienda chooni kwako?"

Wanawake wakacheka tena. Konsolata, ambaye alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwa mzee, baba mkwe wake, alikunja mikono na kutazama mlima.

"Lakini ulikaa huko siku mbili," alisema Tito.

"Nilikaa. Kukaa ni kupotea? Wewe umekaa hapo. Umepotea?"

Tito aliandika kitu kwenye karatasi ili aonekane bado ana kazi.

Ili kuelewa ugumu wake, lazima mtu amfahamu Konsolata. Kwao ni Tlawi, kule juu kwenye baridi, ambako mashamba ya maharage yamebandikwa kwenye miteremko na mtu akiangusha kiazi anakifuata kwa jirani. Tangu msichana alikuwa yule anayetumwa kila ndama akikosekana. Alipoolewa na Benedict, kijana wa Kidatoga aliyekutana naye mnadani Dongobesh, shangazi zake walilia kana kwamba anapelekwa nje ya nchi. Yeye alishuka na sanduku moja na akaamua kwamba kama ni mila za huku, atazijua kuliko waliozaliwa nazo. Na katika mila hizo, moja aliishika kuliko zote: mke hatamki jina la baba mkwe wake. Hata kwa kunong'ona. Hata akiwa peke yake shambani. Miaka kumi na tisa, wanawe watatu, na jina lile halijawahi kupita kwenye meno yake.

Kazi ya kutafuta watu ilimkuta ule mwaka wa tope lililoporomoka kutoka mlimani, alipokwenda kuwapelekea maji waliokuwa wanachimba kutafuta waliofukiwa na hakurudi nyumbani kwa wiki. Baadaye kikundi kilipoundwa, jina lake lilikuwa la tatu. Namna yake ya kutafuta iliwaudhi wenzake. Wakati wengine wanafunga kamba za viatu na kupuliza filimbi, yeye aliketi na ndugu wa aliyepotea akawauliza: anapenda nini? Anaona haya kwa jambo gani? Anajivunia nini? Mwanafunzi wa chuo aliyeachwa nyuma na wenzake alipenda picha, kwa hiyo alimkuta kwenye jabali ambalo mtu angepigia picha nzuri kuliko kushukia. Mwalimu mstaafu aliyepotea kilimani alikutwa mahali pekee penye mtandao, amekata tamaa ya kuokolewa lakini bado anafuatilia kikundi cha familia. Wa tisa alikuwa mlevi aliyetoka harusini na kulala korongoni. Yule alikubali kwa furaha kwamba alipotea, na akaweka kidole mara mbili.

Wa kumi akawa baba mkwe wake.

"Eleza ilivyokuwa, mama Sara," alisema Tito, "labda mzee atakumbuka."

"Sijasahau," alisema mzee.

"Ilikuwa hivi," alisema Konsolata. "Huyu dume, Madoa, aliingia msituni. Mzee wetu akamfuata. Ukungu ukashuka. Kesho yake asubuhi dume akarudi."

"Peke yake?"

"Peke yake. Akanywa maji, akalala."

Mzee akamtazama Madoa kwa jicho kali. Madoa akatafuna.

"Tukawaita watafutaji. Akaja Evarist na watu ishirini. Unajua taratibu, katibu, umeziandika wewe: filimbi tatu, halafu jina. Sasa, kwenye boma hili wenye sauti ya kufika mlimani ni sisi wanawake, na sisi hatuwezi kumwita jina. Wanawe walikuwa mnadani na ng'ombe. Waliobaki ni vijana wa Katesh."

"Waliita?"

"Waliita!" alisema mzee, na fimbo ikapiga ardhi. "Watoto wa juzi! Wananiita jina tupu, mlima mzima, kwa ile bati ya betri, kama wanaita mbuzi aliyekula mtama wa watu! Hakuna mzee, hakuna baba, hakuna shikamoo. Siku mbili! Mpaka nyani wamelijua jina langu."

Tito aliinua kalamu polepole. "Kwa hiyo uliwasikia, mzee."

Mzee alirudisha fimbo mapajani.

"Mtu mwenye masikio atasikia," alisema mzee hatimaye.

"Na hukuitika."

"Ningeitika vipi? Ukiitika umekubali kuitwa hivyo."

Kwa mara ya kwanza tangu afike, Tito aliona mdomo wa Konsolata unacheza pembeni.

"Mimi nilikaa na mama mkwe," aliendelea yeye, "nikauliza, anajivunia nini? Mama hakufikiri hata kidogo. Kwa hiyo siku ya pili nikapanda peke yangu, upande ambao Evarist alishatoka, nikasimama nikapaza sauti: huyu Madoa tumwuze! Ana ubavu kama fito! Pembe yake imeinama kwa aibu! Jirani kasema hata ngozi yake haifai kukalia!"

"Uongo mtupu," alisema mzee.

"Sikumaliza. Kichaka kikaniuliza, nani amesema?"

Wanawake wote bomani walikuwa wameacha kazi zao. Mmoja alikuwa ameshika kinu asianguke. Mzee alikunywa pombe yake ya asali kwa utulivu wa mtu aliyeshinda kesi.

"Umesikia, katibu," alisema. "Yeye alipiga kelele, mimi nikamjia. Sasa nani alimpata mwenzake?"

Tito alifunga kalamu. Alijua mipaka mingi, na alijua sura ya ofisa ambaye hatagonga muhuri. Alimgeukia Konsolata na kusema taratibu, "Mama Sara, mimi siwezi kumwandikia. Bila kidole ni tisa. Jumamosi watampa Evarist."

"Evarist anazima simu ikifika saa kumi na mbili, asimalize chaji."

"Najua."

Konsolata alikwenda akamsogezea mkwe wake kibuyu karibu, akarudi mahali pake, akasema kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya mke mwema anayeuliza kama maji ya kuoga yapelekwe:

"Basi katibu, tusimsumbue mzee wetu. Andika ukweli. Andika hakupotea."

Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Andika kwamba aliijua njia. Aliwasikia watu ishirini wakimwita siku mbili, na kichaka alichokuwemo kilikuwa hatua mia mbili kutoka njia kuu. Na mtu ambaye hajapotea, na anasikia anaitwa, na hatoki..." Akageuka kwa Tito. "Kwa Kiswahili cha ofisini huyo anaitwaje?"

Tito aliona inakokwenda, na akaingia kwa furaha. Akafungua kalamu tena. "Huyo amejificha."

"Andika hivyo. Amejificha."

"Nani amejificha?" alisema mzee.

"Tunahitaji na sababu," alisema Tito akiandika. "Alijificha kwa nini?"

"Watu wanasema alidhani ni wale maofisa wa kuvalisha ng'ombe hereni za usajili. Mimi siamini. Labda ni filimbi tu. Andika, aliogopa filimbi."

Mzee alisimama. Alikuwa mrefu kuliko Tito alivyodhani. "Mimi nimesimama na chui! Hapa!" Akaonyesha kovu la mkono. "Chui hana filimbi?"

Swali hilo lilimchanganya hata yeye mwenyewe. Akaketi.

"Itasomwa Dongobesh," alisema Tito kwa masikitiko. "Mbele za watu. Jumamosi, na ni siku ya mnada."

Madoa alipiga mkia. Mama mkwe, bibi mdogo mweusi mwenye bangili za shaba mpaka kwenye viwiko, alisema kitu kimoja kifupi kwa Kidatoga kutoka mlangoni mwa nyumba. Tito hakukielewa, lakini wanawake walijifunika nyuso.

Mzee alichora mchangani kwa ncha ya fimbo, mstari mmoja, halafu akaufuta kwa kisigino.

"Ulikuwa ukungu," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Ukungu mnene. Ng'ombe asingeona pembe zake."

"Naandika."

"Basi katika ukungu ule, naweza kuwa nilipotea." Akainua kidole. "Kidogo."

"Kidogo, mzee."

"Andika kidogo."

Tito aliandika kidogo. Fomu haikuwa na nafasi ya neno hilo, kwa hiyo aliliandika juu ya mstari, kwa herufi safi.

Ilibaki sehemu moja. Kanuni, hiyo hiyo ya usiku wa umeme kukatika, ilitaka mtafutaji aisome taarifa kwa sauti mbele ya aliyempata, kabla ya kidole. Tito alimpa Konsolata karatasi. Alipoiona mikono yake imekaza ndipo alipokumbuka. Jina lilikuwa mstari wa kwanza. Lilikuwa pia wa nne, na wa saba.

"Naweza kusoma mimi," alisema haraka.

"Kanuni inasema nani?" aliuliza Konsolata.

"Inasema... mtafutaji."

"Evarist atauliza nani alisoma. Namjua."

Akaishika karatasi karibu na macho. "Mimi, Konsolata Benedict, mtafutaji wa hiari, nathibitisha kwamba tarehe kumi na moja nilimpata mlimani mzee..."

Akanyamaza. Kuku mmoja alipita kati yao bila haraka. Konsolata alibaki anatazama lile neno kama mtu aliyefika kwenye mto uliojaa, na Tito akafikiri: atalitamka, ni kwa ajili ya ile simu ya saa kumi, ni kwa ajili ya vidole vya yule bibi, atalitamka na hatajisamehe. Midomo yake ikafunguka kidogo.

"Gidamis!" alisema mzee.

Alikuwa amelisema kwa sauti kubwa, mgongo umenyooka, kama linavyotakiwa kusemwa. Hakumtazama mkwewe. Alikuwa anatazama dume lake.

Konsolata alivuta pumzi. "...akiwa salama, amekaa kichakani, hatua mia mbili kutoka njia kuu. Baada ya kuhojiwa, mzee..."

"Gidamis!"

"...alieleza kwamba alipotea kutokana na ukungu..."

"Kidogo."

"...kidogo. Nilimpa maji na tukashuka pamoja mpaka nyumbani kwa mzee..."

"Gidamis, mwenye Madoa! Ongeza hapo."

Tito aliongeza hapo. Kisha akafungua pedi ya wino, na kidole gumba kipana, chenye ufa wa miaka mingi ya baridi, kikashuka pale kwenye mstari na kuacha alama kubwa kama kwato. Mzee alikiangalia kidole chake cha bluu, akakifuta ubavuni mwa Madoa.

"Na aliyepotea," aliuliza, "beji yake iko wapi?"

"Hakuna ya aliyepotea, mzee."

"Bila sisi nyinyi mngepata wapi hizo zenu?"

Simu ya Konsolata ikalia. Alisogea pembeni, akasikiliza, akauliza maswali matatu: saa ngapi, amevaa nini, anajivunia nini. Aliporudi alikuwa tayari anafunga kamba za viatu.

"Nicodemo, mrina asali. Ametoka jana alfajiri kwenda korongo la juu, mizinga yake imekutwa, yeye hayupo. Mkewe anasema mwezi huu ameanza kuona vibaya jicho moja na anaficha watu wasijue." Alisimama. "Atakuwa upande ambao hataki kuonekana anapapasa. Nawaita watu wa kijiji sasa hivi."

"Ruhusa..." Tito alianza, kwa mazoea tu, na akajiona mjinga. Akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti. Kitambaa kilikuwa pale tangu Mbulu, kimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Alikuwa amekibeba bila kuwaambia wajumbe, na kama asingepata kidole angekirudisha bila kuwaambia pia. "Sherehe ni Jumamosi. Kuna mgeni rasmi, kuna kwaya. Lakini—"

"Nicodemo hajui habari za Jumamosi."

Alichukua ugali mwekundu, akautazama mara moja, akacheka puani. Hakuwa na uzi wala pini. Mama mkwe akachomoa mwiba kwenye uzio na kumpa, naye akaibana nao beji chini ya kola, upande wa ndani, vichaka visije vikaivuta. Kisha akapiga simu ya kwanza akitembea, akataja majina ya watu sita na mahali pa kukutania, na hakuna mtu aliyemwuliza kwa idhini ya nani.

Dereva aliamshwa chini ya mgunga.

"Hiyo pikipiki ndiyo ya kunirudisha mimi," alisema Tito.

"Itarudi, katibu. Kesho au keshokutwa." Alishapanda nyuma ya dereva. "Mzee wetu atakupa pa kulala. Usimguse Madoa upande wa kushoto."

"Mke wa mwanangu!" mzee alipaza sauti. "Ukimpata huyo, usimwite jina tupu!"

"Ndiyo, baba!"

Pikipiki ilichukua njia ya ng'ombe kuelekea mlimani, ikaonekana, ikafichwa na vichaka, ikaonekana tena ndogo zaidi, mtu mrefu nyuma amekunja shingo simu sikioni. Tito alisimama kwenye pengo la uzio akiiangalia mpaka ikaingia kwenye kivuli cha wingu. Nyuma yake mzee Gidamis aligonga jiwe kwa fimbo.

"Wewe usiye na ng'ombe," alisema. "Vuta tawi ufunge mlango, halafu njoo ukae. Una karatasi nyingine? Yule chui hajaandikwa."